Alama Kumi na Tano kwa Kila Samaki

Jumatatu, 4 Machi

Habari mbaya maabarani. Profesa ametangaza kwamba samaki wa ziwa la juu wakionekana kuwa na umbo tofauti na wa ziwa la chini, Mtafiti wetu atahamia huko juu kuwachunguza. Miaka miwili! Wakifanana, safari hakuna. Mimi, fundi wa maabara, nimekaa meza ya pili kutoka kwake miezi kumi na moja, na sijawahi kumwambia neno zaidi ya kwamba formalini, dawa ya kuhifadhia samaki, imekwisha. Leo kanishukuru kwa kumfungulia mtungi, akaniita kaka. Kaka!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango. Kila samaki ana picha ya ubavuni, na juu ya picha tunabofya alama kumi na tano: ncha ya mdomo, jicho, mwanzo wa pezi la mgongo, mpaka mkiani. Kompyuta inawalaza wote mmoja juu ya mwenzake, inapuuza ukubwa, inabakiza umbo tu. Nimejitolea kubofya wa ziwa la juu wote, mia moja na ishirini. Mtafiti anabofya wa chini. Kwa jicho langu, wa juu wana mgongo ulioinuka. Basi alama za mgongo nazibofya chini kidogo, kila picha. Watafanana kama mapacha! Dada yangu mkubwa, ambaye naishi kwake, kaniambia niachane na samaki nikaseme na mwenyewe. Hajui sayansi.

Jumatano, 6 Machi

Mpiga picha kamletea Mtafiti chai. Jamaa ana mabega. Nimemfichia rula, ile anayoilaza chini ya kila samaki kuonyesha ukubwa wake, aonekane mzembe. Mtafiti kamwambia wala asijali, wiki hii wanahitaji umbo tu, ukubwa baadaye. Wakacheka wote wawili. Nimetembea na rula ndani ya soksi mpaka saa kumi.

Alhamisi, 7 Machi

Majibu yametoka. Ole wangu! Kwenye skrini nukta za samaki wa juu zimejazana kona moja, za wa chini kona nyingine, kama ndugu waliokosana. Kompyuta inasema wa juu ndio wenye mgongo ulioshuka. Kumbe migongo ilikuwa sawa tangu mwanzo! Tofauti niliiona mimi peke yangu, na kwa kushusha migongo nimeitengeneza. Mtafiti alirukaruka kwa furaha. Kamkumbatia Mpiga picha. Mimi kanipa mkono, kasema kazi yangu ni safi. Nimekaa stoo nusu saa na mitungi.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa haamini kitu kirahisi. Kaagiza picha thelathini za ziwa la juu zibofywe upya na Mtafiti na mimi, kila mtu kivyake, apime mikono yetu inatofautiana kiasi gani. Tumekaa bega kwa bega kutwa nzima. Ananukia sabuni. Katikati ya kazi kaniambia kwamba tangu mwaka wa kwanza chuoni anaiwaza ile kambi ya ziwa la juu. Picha yake anayo kwenye pochi. Kibanda cha mabati na maji, basi. Kukionea wivu kibanda, jamani!

Nikibofya kweli, atabaki, lakini atajua nilichofanya. Nikibofya uongo, ataondoka. Nimebofya uongo. Niliogopa macho yake.

Jumamosi, 9 Machi

Profesa kaona tofauti yote iko kwenye mkono wangu. Hakuna aliyeshuku hila. Wameshuku macho yangu! Mtafiti karudia samaki wote mwenyewe, na maziwa yote mawili yana umbo moja. Safari imekufa. Nimeshinda!

Alilia kwenye sinki, bomba kalifungulia ili tusisikie. Nilisikia. Nilisogea nimwambie yote. Nikamwambia formalini imekwisha. Akafuta uso, akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa macho, ana roho ile. Macho yangu ni mazima. Ilibidi nisome herufi za juu kabisa kwa kukosea.

Jumatatu, 11 Machi

Miwani inanitia kizunguzungu. Mtafiti kaniona nayo, kaniita mjomba. Na amehamishwa ghorofa ya juu, kwenye mradi wa kulinganisha mabawa ya nyuki wa mlimani na wa bondeni. Meza yake ni tupu. Nimeikalia kidogo. Namtamani mpaka kifua kinauma, na yuko ngazi ishirini na mbili tu kutoka hapa.

Profesa kasema mabawa yakitofautiana, mradi unaongezwa miaka mitatu, hapa hapa. Yakifanana, Mtafiti atafute kazi kwingine. Anatakiwa mtu wa kubofya nyuki wa bondeni, alama kumi na tisa kila bawa. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Kufananisha kulinishinda, nakiri. Lakini kutofautisha! Hapo hakuna wa kunifikia.