Kiti Kinachosimamisha Watu

Jumatatu, 7 Aprili

Zimebaki siku tano niwe mtu mkubwa. Jumamosi jaji atachagua kiti cha chumba cha kusomea katika maktaba mpya ya mji wetu. Tuliopita mchujo ni wawili tu. Mimi, Fiorenzo Galbusera, mbunifu. Na Oreste Meroni, jirani yangu wa upande wa pili wa ua, ambaye naye hujiita mbunifu.

Hapa Brianza, kaskazini mwa Italia, kila mtu ana karakana ya samani, na asiye nayo ana mjomba mwenye nayo. Kushindwa kwa kiti ni aibu ya ukoo mzima.

Kiti changu kinaitwa Inchino, yaani kuinama kwa heshima. Kimekunjwa kutoka kipande kimoja cha plaiwudi. Hakina miguu ya nyuma. Ukikikalia kinashuka nawe taratibu. Ukitaka kusimama, kinakuinua. Majira yote ya baridi nimekuwa nakunja, navunja, nakunja, navunja.

Leo Padre Egidio alipita kumjulia hali mama mkwe wangu. Nikamkalisha kwenye Inchino. Akakaa, akasifu, akapewa biskuti. Padre ni mwembamba kama mshumaa. Aliponyanyuka, Inchino nacho kikanyanyuka, kwa bidii zaidi kidogo kuliko nilivyokusudia. Padre akatua karibu na kabati la vyombo. Biskuti haijaonekana hadi sasa.

Mke wangu Ornella, ambaye kazi yake ni kuvalisha makochi, hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani. Alisema kiti changu kinafukuza wageni. Nikamweleza kwamba hakiwafukuzi. Kinawaaga.

Jumanne, 8 Aprili

Mbinu ya kwanza! Ujasusi.

Meroni amefunika kiti chake kwa shuka tangu mwezi uliopita. Anaogopa macho yangu. Lakini nani atamwogopa bibi kizee? Nimemtuma mama mkwe, Mama Pinuccia. Maagizo yalikuwa mepesi: nenda ukaombe chumvi, lalamika miguu inauma, kalia kiti, kichunguze, rudi.

Akaenda asubuhi. Hakurudi.

Nikanywa kahawa. Nikanywa nyingine. Nikaanza kuwazia mabaya. Mwisho nikavuka ua mwenyewe, nikachungulia dirishani. Mama Pinuccia alikuwa ndani ya kiti cha Meroni, amelala fofofo, mdomo wazi. Kiti kikubwa, cha sufu nene iliyoshindiliwa, kina mikono mipana inayomfunika mtu kama koti la babu. Meroni alikuwa anamtandikia blanketi miguuni. Aliponiona dirishani akaweka kidole mdomoni, eti nisimwamshe!

Mama Pinuccia aliporudi nyumbani nikamuuliza amegundua nini. Alisema hajawahi kulala vile tangu aolewe, maana mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa anakoroma.

"Na mishono? Umeangalia mishono?"

"Mishono gani, mwanangu? Mimi nilikuwa nimelala."

Na chumvi hakuleta.

Jumatano, 9 Aprili

Usaliti. Usaliti mtupu.

Gazeti la mji limetoa picha ya mama mkwe wangu amelala kwenye kiti cha Meroni. Ukurasa wa mbele! Chini yake wameandika kwamba hiki ndicho kiti kilichomlaza bibi wa nyumba ya mpinzani. Mwenye duka la mikate ameibandika ukutani, juu ya keki. Watu wanaingia kununua mkate wanatoka wanacheka. Mama mmoja aliniuliza kama mimi pia hulala kwa Meroni.

Nilikwenda kumkabili. Nilimwambia kumpiga picha bibi aliyelala bila ruhusa ni uhuni. Meroni akajibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi kuliko yote, kwamba ruhusa aliomba. Mama Pinuccia alipoamka alikubali, akajipaka rangi ya mdomo, akajilaza upya.

Nikarudi nyumbani kama radi. Mama Pinuccia alikuwa anakata picha ile gazetini kwa mkasi wa Ornella. Amenunua nakala za kutosha kuwapelekea dada zake wote.

"Mama, wewe uko upande gani?"

"Upande wako, mwanangu. Lakini mimi nimetoka vizuri, au sikutoka vizuri?"

Ametoka vizuri. Hilo siwezi kulikataa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mbinu ya pili. Meroni akiwa na bibi anayelala, mimi nitakuwa na mwanamume anayeng'aa.

Nimemwomba Gaudenzio kinyozi akae kwenye Inchino mbele ya mkahawa wa uwanjani, saa ya watu wengi, aonekane mwenye raha. Basi. Asiseme kitu. Gaudenzio kunyamaza ni kazi, lakini aliahidi.

Ilianza vizuri ajabu. Alikaa, Inchino kikashuka naye, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyesamehewa kodi. Watu wakasimama kutazama. Mmoja akauliza kiti ni cha nani. Nikajipitisha pale kama kwa bahati.

Ndipo mhudumu akaleta kahawa ya maziwa. Na ndipo mteja mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Gaudenzio! Nina harusi mchana, nywele zangu vipi?"

Gaudenzio akasahau. Akainuka ghafla, kikombe mkononi. Inchino kikamsaidia.

Kahawa ilimpata askari wa trafiki. Yote. Kofia nyeupe, glavu nyeupe. Askari alivua kofia, huku maziwa yakidondoka kwenye kidevu. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini mwenye kiti ni nani.

Gaudenzio akanionyesha kwa kidole. Na ndiye rafiki yangu tangu utotoni!

Jioni Ornella alifua kofia ya askari. Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na akakaa kwenye Inchino, na kikamwinua, na akacheka tena. Nimeona si vibaya sana, mke wangu akicheka vile. Lakini hilo halishindi shindano.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo tumepeleka viti maktabani. Vimewekwa ukumbini juu ya jukwaa dogo, kila kimoja na kibao cha jina mbele yake. Meroni alinisaidia kubeba changu ngazini. Alisema mkunjo wa mgongo ni mzuri sana. Hila, bila shaka.

Na nimesikia habari. Jaji ni Bi Abildgaard kutoka Denmark, mama mzee anayeheshimika sana kwenye mambo ya viti. Amekuja Milano kwa wiki hii ya maonyesho ya samani. Binamu wa Gaudenzio kinyozi, anayemwendesha mama huyo kwa gari, amesema njia nzima alikuwa anasifu sufu. Sufu hii, sufu ile. Sufu!

Nimekwisha.

Niliketi kwenye ngazi za maktaba nikawaza. Meroni atashinda. Sufu imeshashinda. Jambo pekee lisilojulikana ni sufu ile ina jina gani mbele yake.

Na mchana mlinzi akaenda kula.

Sitaandika mengi. Vibao ni vyepesi. Havijagundishwa. Cha MERONI sasa kiko mbele ya Inchino changu, na cha GALBUSERA kiko mbele ya sufu. Nimetoka nje nikipiga mluzi. Nimejisikia kama jenerali. Chakula cha jioni kilikuwa wali wa zafarani, nikaongeza mara mbili, na Ornella akauliza nimepatwa na nini. Nikasema ni hali ya hewa.

Jumamosi, 12 Aprili

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Ukumbi ulijaa. Mama Pinuccia mstari wa mbele, amepaka rangi ya mdomo. Bi Abildgaard akaingia na fimbo, mrefu, nywele nyeupe, nyonga yake mbovu. Kila hatua anakunja uso.

Alikwenda kwanza kwenye sufu, iliyokuwa na jina langu. Akakaa. Akazama. Akafumba macho, akasema kwa Kiitaliano kizuri kwamba hiki ni kiti kitamu. Moyo wangu ukaimba. Kisha akataka kusimama. Hakuweza. Akajaribu tena. Meya akamshika mkono mmoja, mlinzi akashika mwingine, wakamvuta kama watu wanaong'oa muhogo. Akashukuru, uso mwekundu.

Ndipo akaenda kwenye Inchino, chenye jina la Meroni. Akakitazama kwa mashaka. Akakaa, kikashuka naye. Akasubiri. Akaegemea mbele kidogo tu, na Inchino kikamwinua mpaka akawa amesimama wima, mama mzito kiasi chake, bila fimbo, bila meya. Akashangaa. Akakaa tena. Akasimama tena. Akaanza kucheka kama msichana. Alikaa na kusimama mpaka nikapoteza hesabu.

"Maisha yangu yote nimekalia viti," alisema, "na vyote vinajua kunipokea. Hiki ndicho cha kwanza kinachojua kuniachia." Akainama kusoma kibao. "Hongera, Bwana Meroni."

Makofi! Ukumbi... hapana. Si makofi. Minong'ono. Watu walitazama viti, wakatazamana, wakanitazama. Sikuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga makofi, mikono miwili isiyotaka kukutana. Kiti changu kimeshinda, nami nimekigawa. Kwa mkono wangu! Majira yote ya baridi!

Ndipo Mama Pinuccia akasimama.

"Si cha Oreste hicho! Cha Oreste ni kile cha manyoya, nilicholala mimi! Gazeti zima linajua!"

Gazeti. Sikufikiria gazeti.

Mji mzima ulikuwa unajua kiti kipi ni cha nani, isipokuwa mama mmoja kutoka Denmark. Meya akakunja uso. Akauliza nani ameshika vibao. Akasema kama kuna udanganyifu, wote wawili wanatolewa na maktaba itanunua viti vya plastiki. Mlinzi akaanza kunitazama mimi. Ornella alikuwa ameshaanza kunitazama zamani. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Huenda ni upepo."

Ndani ya ukumbi. Madirisha yamefungwa.

Meroni akainua mkono. Akasema kosa ni lake. Alipita jana kunyoosha vibao, alikuwa hana miwani, lazima alivirudisha vibaya, anaomba radhi kwa bibi na kwa meya. Na kiti kilichoshinda, akasema, ni cha jirani yake Fiorenzo, kila mtu anajua, na yeye angekitambua hata gizani, maana amekuwa akimwona dirishani msimu mzima wa baridi akikikunja na kukivunja.

Bi Abildgaard akanishika mkono. Akasema nipunguze nguvu kidogo kwa ajili ya watu wembamba, vinginevyo nisiguse kitu. Makofi sasa yalikuwa ya kweli. Gaudenzio alipiga filimbi. Hata askari wa trafiki alipiga makofi, ingawa alikuwa amekaa mbali na kiti.

Kwenye ngazi nilimkuta Meroni peke yake. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa nini nini?" alisema. "Upepo wa hapa kwetu una vidole, jirani. Nani anaweza kuuzuia?" Akacheka, akanipiga begani, akaenda zake.

Ornella alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika mlangoni alisema tu kwamba kesho amemwalika Oreste chakula cha mchana, na mimi ndiye nitakayeosha vyombo. Mpaka Krismasi.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Tumetoka kanisani na matawi ya mzeituni. Padre Egidio alinipongeza, kwa umbali wa kutosha.

Meroni alikuja na vikeki vya krimu. Ornella alipika sungura na ugali wa mahindi. Mama Pinuccia alimkalisha Meroni pembeni yake akamhudumia kama mwana aliyerudi kutoka vitani. Tulikula vizuri. Jua liliingia mpaka mezani. Nilimtazama mke wangu, nikaitazama divai, nikasikia raha ambayo sikuisikia siku nyingi. Nikasimama, nikamshukuru Meroni mbele ya wote. Nilisema nimejifunza. Nilisema kuanzia leo hakuna tena ushindani kati ya milango yetu miwili. Ornella alipangusa jicho.

Meroni naye akafurahi. Akasema basi anaweza kuniambia. Kwa kuwa maktaba si mzigo wake tena, ameanza kazi mpya ya shindano la kiangazi kule Friuli: benchi la watu wawili waliogombana. Wanakaa wamepeana migongo, na baada ya muda, hasemi vipi, wanajikuta wametazamana.

Wametazamana! Vipi? Ekseli katikati? Springi? Nilimuuliza. Akatabasamu, akaomba kikeki kingine.

Mtu mwema kiasi hicho lazima ana kitu anachoficha.

Alipoondoka alimwachia Ornella ufunguo wa karakana. Wiki ijayo anakwenda kwa dada yake Bergamo kwa ajili ya Pasaka, na maua yake ya dirishani yanahitaji kumwagiliwa. Nikasema Ornella ana kazi nyingi. Nikasema nitayamwagilia mimi.

Ornella akanitazama. Alisema tangu tuoane sijawahi kumwagilia hata mnanaa.

Nikamwambia mtu hubadilika, mke wangu.

Nitakwenda na ndoo, na tochi, na futi ya kupimia.