Mtaalamu Anayeninyamazisha Mezani Kwangu

Kwa Bibi Tsiala,
Mkuu wa Kituo cha Watoto Waliochelewa Kusema.

Mheshimiwa Bibi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi ni Bondo, ami yake Otia, yule mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye bado hasemi. Ndimi pia msemaji wa karamu zote za kijiji hiki. Glasi haziinuliwi mpaka niseme mimi. Kwenye harusi ya binamu yangu nilisema hadi mto Rioni ukapunguza kelele unisikilize. Mashahidi wapo, ingawa walikuwa wamesinzia.

Namlalamikia mtaalamu wako Dali, anayekuja kwetu kila Alhamisi. Naomba aondolewe.

1. Ana shahada, lakini anakaa sakafuni kupuliza mapovu ya sabuni. Akipuliza mara moja, anaacha. Nikamwuliza, "Binti, pumzi imekwisha?" Akasema, "Nangoja mtoto aombe." Haombi! Ndiyo maana tulikuita!

2. Otia akitazama tu mkate wa jibini, mimi nimeshamlisha. Dali anataka nimpe kipande kidogo, kisha ningoje. Mtoto wa ukoo wetu aombe mkate kama mpita njia? Mama yangu aliposikia alivaa nguo nyeusi, na hakuna aliyekufa.

3. Hili ndilo kubwa. Eti nikimsemesha Otia, ninyamaze nihesabu hadi kumi. Kwenye tatu jasho lilinitoka; kwenye nne nikamjibia mwenyewe. Dali akacheka: "Ami Bondo, msemaji gani wewe? Ukimaliza kusema, humpi mtu *alaverdi*?"

Bibi, hilo ni tusi. Mezani kwangu kila mtu hupewa alaverdi, yaani zamu ya kusema baada yangu, hata shemeji yangu mwenye kigugumizi. Lakini mtoto hana glasi! Dali akamjazia kikombe maji ya matunda. Sasa kila mlo nainua glasi, nasema sentensi moja (moja, Bibi!), namgeukia mtoto, nangoja. Wiki ya tano hii. Supu inapoa. Eliso, mama yake, anakunja pindo la kitambaa cha meza. Majirani wanauliza kama naumwa.

4. La nne sina, ila malalamiko matatu ni machache kwa mtu wa hadhi yangu.

Basi mwondoe. Mtoto atasema akipenda. Mimi nilianza nina miaka minne, na tangu hapo nani ameniweza?

Nisalimie watumishi wote, na mlinzi mwenye masharubu.

Wako, mwenye heshima na koo kavu,
Bondo Sulakadze

Tanbihi: Nilikuwa nawasomea watu wa nyumbani barua hii kwa sauti, mezani. Nilipofika kwenye masharubu, Otia alinipandia pajani, akaniziba mdomo kwa kiganja, akasema, "Mimi." Kisha akatuhutubia muda mrefu. Hatukuelewa neno jingine lolote, lakini wanaume wote tulisimama, na Eliso alilia hadi mwisho wa hotuba. Alhamisi ni mbali mno. Dali hawezi kuja kesho?