Mashine ya Kuthibitisha Kwamba Sidanganyi

Jumapili, 2 Septemba

Leo nimesema kweli, na imeniletea balaa. Sirudii tena.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa saba watu wa tamthilia walikuja kupiga picha kwenye mahakama ya zamani, nyuma ya kituo cha tramu nilichokatia watu tiketi miaka thelathini na mmoja. Muongozaji akaniona nimesimama natafuna mbegu za maboga. Akasema uso huo ndio anaoutafuta. Uso huu! Mke wangu, Mama Nagwa, ameutazama miaka arobaini na hajawahi kuutafuta. Nikavishwa kanzu kuukuu, nikasimamishwa mbele ya hakimu, nikaambiwa niseme, "Mheshimiwa, mbuzi ni wangu." Nikasema. Mara saba. Mara ya saba hata mbuzi mwenyewe alikubali.

Basi leo nimewasimulia pale mkahawani. Kikaja kicheko mpaka mtu mmoja akapaliwa na moshi wa shisha. Ustadh Anwar Zahran, mkaguzi mstaafu wa hesabu, anayekunywa chai kana kwamba anaisahihisha, akaniuliza mbele ya wote kama mambo hayo yalitokea kabla au baada ya mimi kuendesha nyambizi. Sawa, nyambizi nilidanganya. Na ile ya kumfundisha binti mfalme kuogelea. Lakini hii ni kweli! Kweli yangu ya kwanza tangu nistaafu, na hakuna anayeitaka!

Tukawekeana dau. Kiti cha kona, chini ya feni, kinachoona mtaa mzima, Ustadh amekikalia miaka kumi na mmoja. Nikiwaonyesha sehemu yangu palepale mkahawani, mbele ya watu wote, kiti ni changu. Nikishindwa, nitapanda juu ya meza na kutangaza kwamba mimi Shehata ni mwongo, na sifungui mdomo humo ndani mpaka Idi Kubwa. Mpaka Idi Kubwa! Bora waninyime hewa.

Nyumbani nikamwambia Mama Nagwa kwamba nitaonekana kwenye televisheni. Akaendelea kukata bamia. Hilo ndilo lililoniuma.

Tatizo: sehemu yangu itatoka Ramadhani nne, mara tu baada ya magharibi. Saa hiyo mkahawa umefungwa na Cairo nzima ina chakula mdomoni. Lazima nirekodi.

Jumanne, 4 Septemba

Mtaa wa Abdulaziz, kwa wauza vyombo vya umeme. Nimekwenda na pesa za sanda. Nikifa nizikwe na shuka, lile la maua.

Mama Nagwa amekubali kwa sharti moja. Binti yetu Nagwa alituletea kutoka Montreal diski ya filamu ya zamani ya kwetu, ile tuliyoitazama siku ya uchumba wetu. Imechapishwa huko huko Kanada, na deki yetu inaitema. Inaandika kwamba eneo si sahihi. Mama Nagwa ameiweka kabatini pamoja na dhahabu yake. Akasema nunua mashine yoyote, jirekodi hata ukikoroma, lakini icheze diski ya mwanangu.

Muuzaji, Haji Labib, akanieleza kwamba dunia imekatwa vipande sita na kila diski ina kipande chake. Nikamuuliza, hata diski siku hizi zinaombewa viza? Akasema, "Zako zimenyimwa, mzee."

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza inacheza diski za dunia nzima lakini hairekodi kitu. Ya tatu inacheza za dunia nzima, inarekodi, ina diski ngumu tumboni ya kuweka tamthilia za Ramadhani tatu. Bei yake nilipoisikia nilitafuta pa kukaa. Ya katikati ina diski ngumu vilevile, ila inajua eneo moja kwa wakati mmoja. Unabonyeza namba za siri kwenye rimoti, inahamia eneo jingine. Lakini mara tano tu. Ya tano ni ndoa, inabaki hapo mpaka kufa.

Nikajaribu kumshusha bei ya ile ya tatu. Nikamwambia namnunulia balozi. Akauliza balozi wa wapi. Nikasema wa Urusi. Akasema basi bei ni ya dola.

Nimechukua ya katikati. Mara tano! Nani anahitaji zaidi ya mara tano? Haji Labib akanisindikiza mpaka mlangoni akinisihi: hamisha mara moja tu, Kanada, halafu rimoti ifiche. Ananiona mtoto.

Jumatano, 5 Septemba

Nimehamisha Kanada. Namba moja. Nzuri.

Kabla sijaitia diski ya Nagwa, akaingia Idris, bawabu wetu, akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia hii inakwenda popote duniani. Akasema Shehata bwana, huachi. Nikaipeleka Uchina mbele ya macho yake. Akafungua mdomo. Jirani yetu Mama Hind akaja kwa ule mdomo wa Idris, akasema yeye anapenda filamu za Kihindi. Nikaipeleka India. Watu wakazidi kuja. Mmoja akasema kwa nini unahangaika na nchi za watu, Misri ina nini? Nikairudisha Misri, watu wakapiga makofi.

Ya tano nikaitunza kwa heshima. Nikamwita Mama Nagwa, nikamkalisha, nikasema sasa Kanada. Miwani yangu ilikuwa juu ya paji langu. Moja na nne kwenye rimoti ile zimekaa karibu sana, ni kosa la kiwanda.

Mashine yetu sasa ni raia wa Australia.

Mama Nagwa hakupiga kelele. Aliifuta diski kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha kwenye kasha lake. Kisha akaniuliza polepole kama na hii nitakwenda kuisimulia mkahawani, au hii kwa kuwa ni kweli nitaiacha.

Jumamosi, 8 Septemba

Hanisemeshi. Ananisemesha kupitia kwa kanari. Anamwambia kanari chakula kipo mezani.

Asubuhi alijifunga mtandio akatoka peke yake. Akarudi na kideki kidogo kama sahani ya keki ya basbusa, hakina hata jina, kimetoka Uchina, bei yake ni ya bata wawili. Akakitia diski ya Nagwa. Kikaimeza palepale! Kijinga kile hakijui kwamba dunia imekatwa vipande. Hakuna aliyekiambia.

Alitazama filamu nzima. Alicheka, akalia, akacheka. Nikajisogeza kochini. Akamwambia kanari amwambie mzee asipumulie mashine.

Alhamisi, 13 Septemba. Ramadhani mosi

Leo nimeijaribu mashine yangu. Niliipanga irekodi tamthilia yetu ya mahakama, sehemu ya kwanza. Tukafuturu. Nikaifungua kuangalia. Imerekodi "Wake wa Pasha"! Dakika arobaini na tano za wanawake wanaoviziana ngazini.

Nilimtukana Haji Labib, nikaitukana Australia. Halafu nikauangalia ule waya unaoingia dirishani, nikaufuata kwa macho mpaka chini.

Waya ule unatoka kwa Gamil, mpiga pasi wa chini. Dishi lipo juu ya paa lake, king'amuzi kipo dukani kando ya pasi, na mtaa mzima tumejiunga kwake. Tunamlipa kidogo kila mwezi. Anachotazama Gamil ndicho tunachotazama sote. Tumeishi hivyo miaka sita, mtu hafikirii tena. Kwa hiyo nimetumia sanda yangu kununua mashine yenye uwezo wa kuhifadhi saa mia na sitini za chochote anachokipenda Gamil.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimekwenda kumwomba Gamil. Nikampelekea maandazi ya katayef yenye karanga. Akala tano, akafuta vidole, akakataa. Alisema wanawake wa majengo yote kumi na moja wamechagua "Wake wa Pasha", na wamemwapisha. "Mzee Shehata, nikibadilisha wataninyoosha kwa pasi zangu mwenyewe."

Nikamwambia ni dakika ishirini tu. Akasema hata sekunde ishirini, kwa sababu Jumapili bibi mdogo wa Pasha anafungua barua.

Nimepata njia nyingine. Gamil hana mke, na tangu mama yake afariki hajaonja bata wa nyumbani. Nimemwalika kufuturu kwetu Jumapili. Macho yakamlowa, maskini. Nilitaka kuona haya lakini sikupata nafasi.

Mama Nagwa ameniuliza mimi mwenyewe, si kanari, tangu lini tunaalika watu. Nikasema natafuta thawabu. Akanitazama kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha.

Jumapili, 16 Septemba. Ramadhani nne

Siku yangu!

Adhana ikalia. Gamil alikuwa tayari amezamisha mikono yote miwili kwenye mchuzi wa mlokhia. Nikachukua sahani ya tende, nikasema nashuka kuwagawia wapita njia walioshikwa na magharibi. Gamil akasema Mungu akulipe, Haji. Akaniita Haji!

Nje hapakuwa na mtu, wala paka. Hii ndiyo saa pekee ambayo Cairo inaweza kuibiwa yote na mtu mmoja mwenye mgongo mbovu. Shata, ule mlango wa bati wa duka, lilikuwa limeshushwa nusu, bila kufuli. Nani anaiba magharibi? Nikajipenyeza kwa tumbo, tende zikamwagika. Nikakiona king'amuzi. Nikabonyeza stesheni ya mahakama yetu.

Halafu madirisha yakaanza kufunguka, moja, matatu, yote.

"Gamiiil! Mikono yako ikauke!"

"Barua, we mwanaharamu! Alikuwa anafungua barua!"

Nikakaa nimeegemea shata kwa ndani, nikatazama ile televisheni yake ndogo juu ya rundo la mashati. Hakimu akakohoa. Nikatokea mimi. Mimi mzima, na pua yangu. "Mheshimiwa, mbuzi ni wangu." Sauti yangu ikatoka kwenye madirisha arobaini kwa mpigo. Nililia kidogo, na tende mdomoni.

Kisha nikaona ndala za Gamil chini ya shata. Halafu za Mama Hind. Halafu nyingi sana. Wakanivuta kwa miguu.

Nikawaambia, jamani, si mmeniona? Mtaa mzima mmeniona! Mama Hind akashika kiuno, akasema hawakuona mtu. "Tuliona mbuzi." Wote wakaapa hivyohivyo, na saumu zao. Hata Idris! Hata Gamil, na bata wangu tumboni!

Haidhuru. Juu nyumbani mashine ilikuwa inarekodi. Nimeangalia mara tatu. Ipo.

Jumatatu, 17 Septemba

Baada ya futari nimeibeba mashine begani mpaka mkahawani. Nusu ya njia nikaona waya hauburuziki. Nikageuka. Mama Nagwa ameushika, anakuja nyuma yangu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema waya utachafuka. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni, mtandio umebanwa chini ya kidevu.

Ustadh Anwar akasema karibu, nahodha, na wote wakacheka. Nikaiunganisha na televisheni ya mkahawa. Hakimu akakohoa. "Mheshimiwa, mbuzi ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Ustadh akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo, akaniangalia mle, akaniangalia hapa. Akaomba ya tatu. Kisha akachukua glasi yake, akatoa leso, akakifuta kile kiti, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Bwana Shehata, nilikukosea. Kuanzia leo neno lako ni neno."

Mlangoni Mama Nagwa akasema, "Ndiye. Nimemjua kwa anavyosimama."

Tumerudi nyumbani ameshika mkono wangu. Njiani akaniuliza kama taa zao zile ziliniumiza macho. Aliniuliza! Miaka arobaini, hajawahi kuniuliza swali ambalo hakulijua jibu lake.

Jumatano, 19 Septemba

Kiti kitamu. Feni inapiga shingoni sawasawa.

Jana baada ya futari waliniomba niwaeleze ilikuwaje. Kwa adabu, wamevuta viti. Ningewaambia ilivyokuwa: nilipewa mkate wa maharage na soda ya moto, nikaambiwa nirudishe kanzu. Lakini walikuwa wananitazama wote kwa pamoja, na wananiamini! Mtu atapata wapi tena watu kama hao?

Nikasema muongozaji hunipigia simu kila siku. Nikasema mwakani mimi ndiye hakimu. Nikasema nimeagizwa nitafute nyuso nyingine mtaani. Ustadh Anwar akauliza taratibu, anakoroga chai isiyo na sukari, nyuso za namna gani. Nikasema kama yake.

Leo alasiri alikuwa kwa kinyozi.

Orodha imefika watu kumi na wanane. Idris ni mkuu wa magereza. Gamil ni mwendesha mashtaka, na anawapigia pasi suti zao wote bure. Mama Hind ameniletea sahani ya kunafa tamu, akakumbuka ghafla kwamba aliniona vizuri sana, na kwamba mbuzi hakumwona kabisa.

Mama Nagwa akaniuliza kama ni kweli. Aliuliza vizuri, amekaa kando yangu. Nilikuwa nimefunga, kwa hiyo sikuapa, nilikubali kwa kichwa tu. Akainuka akampigia simu Nagwa Montreal.

Jumamosi saa nne asubuhi nawapeleka wote studio. Studio sijui iko wapi. Hilo dogo. Kesho mapema nakwenda kwa Haji Labib, nataka kamera iliyotumika, kubwa, ya kuweka begani. Si lazima iwe inafanya kazi.