Ubao wa Mita

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nguzo za umeme zimefika mtaani kwetu, hapa Kasulu. Mkaguzi anapita keshokutwa. Akikuta ubao wa mita umeshika ukutani, unaunganishiwa. Ukitikisika, basi tena. Na Sophie wangu anakohoa kila nikiwasha koroboi.

Fundi Rashid kaja, kagonga ukuta. Kasema tofali zimeiva vizuri, ila zimeunganishwa kwa udongo mtupu. Skrubu ziingie kwenye tofali lenyewe, na plagi za plastiki. Nisiguse udongo. Dreli kaiacha Kibondo, nimsubiri Ijumaa.

Ijumaa. Mkaguzi atakuwa kashapita. Jirani Josepha ubao wake uko juu tangu jana. Kaniuliza, eti mama Sophie, wewe utawasha vimulimuli?

Jumanne, 10 Juni
Sophie mgongoni, nyundo mkononi. Kwenye tofali msumari umepinda. Kwenye udongo umezama kama kwenye parachichi. Mafundi wanapenda kujichosha.

Ubao umekaa. Halafu umeinama.

Nimewaza wakati nanyonyesha. Ugali wa muhogo ukilala, asubuhi hata kisu hakipiti. Nimeshindilia kiporo kwenye matundu yote, nikapaka udongo juu. Dionis kapiga simu kutoka shamba, Munanila. Nimemwambia kaoa fundi.

Jumatano, 11 Juni
Kuku wa Josepha wameniwahi. Wamepanda rundo la kuni chini ya ubao, wamedonoa matundu yote.

Mkaguzi kaugusa kwa kidole kimoja. Umeangukia kwenye kuni. Kauliza fundi ni nani. Nikamtazama Sophie. Kasema atapita tena Jumatatu, mara ya mwisho.

Ubao wa Josepha wenyewe umekubaliwa. Kanishukuru kwa kumlishia kuku.

Ijumaa, 13 Juni
Rashid kaja na dreli ya betri. Katoboa tofali, kasukuma plagi, kakaza skrubu. Kisha kaning'inia kwenye ubao, mtu mzima na viatu vyake. Ubao umetulia. Kanisihi nisiuguse kabisa mpaka mkaguzi apite. Nimeitikia kama mtoto wa shule.

Jumapili, 15 Juni
Sikuugusa jana yote. Leo nimeutazama tangu asubuhi. Kitu imara namna hii kukaa bure, hapana.

Nimefunga kamba kutoka kwenye ubao mpaka nguzo ya jikoni. Nimeanika nepi za Sophie, mashuka, na blanketi zito la Dionis, vyote vinachuruzika maji. Haujatikisika hata kidogo.

Kesho sianui. Mkaguzi akija, aone mwenyewe unavyobeba.