Ombi la Kumkalisha Mwanamume wa Kwenye Nembo

Ndugu Mkurugenzi wa Nembo na Bendera,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na ngao yetu. Mimi ni seremala. Nilitengeneza fremu za nembo ya taifa kwa ajili ya shule anayofundisha mke wangu. Moja ikabaki, nami kwa uzalendo nikaitundika sebuleni. Kumbe najipalia makaa mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngao imeshikwa na mwanamume na mwanamke, kila mmoja upande wake, wote wamesimama. Mama watoto, mwalimu wa uraia, anasema katika mchoro wa kwanza mwanamume alikuwa peke yake, ngao ikaenda upande, ndipo kamati ikamwongeza mwanamke. Sasa kila nikishika gazeti nasimuliwa historia hiyo.

2. Bendera mmeigawa mistari mitatu iliyo sawa. Naye mama watoto kazi za nyumbani kazigawa vivyo hivyo: mstari wa kijani wake, mweupe wa watoto, mwekundu wangu. Nimeipima mistari hiyo kwa futi yangu ya kazini, nikitafuta pa kuponea. Kwa bahati mbaya iko sawa kabisa.

3. Binti yetu mdogo akinikuta nimejilaza kwenye kochi, huipigia nembo saluti, kisha hunipa pole.

4. Jumamosi niligoma kufua mablanketi. Mama watoto akafungasha, akaenda na watoto kwa dada yake. Nembo kaniachia.

Kwa heshima na taadhima, naomba mwanamume huyo achorwe amekaa. Kigoda nitakichonga mwenyewe, bure. Akishakaa yeye, nami nitakaa bila kusutwa, na mke wangu atarudi. Nyumba imekuwa kimya mno.

Nisalimie wachoraji, makarani, na yule anayepandisha bendera asubuhi.

Wako mtiifu,
Seremala wa Nyuma ya Shule

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, niliyafua mablanketi. Kufua si kazi. Kazi ni kukamua. Upande mmoja nilishika mimi, wa pili nikaufunga kwenye kitasa cha mlango. Nilipokaza, kitasa kikang'oka, nikaanguka chali na blanketi juu yangu. Nimekwenda kwa shemeji kumwomba mke wangu radhi, na jana amerudi. Kwa hiyo msibadilishe kitu, mwanamume aendelee kusimama. Ila kama wino upo, huyo mwanamke mgeuzeni kidogo amtazame mwenzake. Wangu bado hanitazami.