Kiyoyozi cha Chumba cha Mama Mkwe

Jumamosi, 8 Machi
Kiyoyozi cha chumba cha wageni kinapuliza joto. Kimechagua siku! Mama mkwe anakuja keshokutwa. Amefanyiwa upasuaji wa bega, na daktari kasema alale penye ubaridi, kidonda kisiingie jasho. Angeweza kwenda kwa mwanyumba wangu, yule bwana aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ana viyoyozi mpaka jikoni. Lakini mke wangu kambembeleza dada yake kwa simu wiki nzima. Tangu tuoane mama yake hajawahi kulala kwetu. Nami, mdomo wangu huu, nilishatangaza mbele ya ukoo kwamba kwangu ni baridi mpaka mtu anaomba blanketi.

Nikaita fundi. Akaja mwanamama mwenye sare na viatu safi, akadai ada ya ukaguzi kabla hajagusa kitu. Kutazama tu kunalipiwa! Akapanda, akashuka, akasema chujio limejaa vumbi na gesi inavuja kwenye kiungo. Inabidi kuziba kwanza, ndipo ijazwe. Nikikubali leo, ada ya ukaguzi inakatwa kwenye bei. Nikiita mtu wa kujaza bila kuziba, nitalipa mara mbili. Akamalizia na usipoziba ufa utajenga ukuta, kama tuko darasani.

Nikaitazama bei. Nikamwambia nitafikiria. Jioni mke akauliza kama kazi imekwisha, nikasema imekwisha. Nilimaanisha kazi ya kutazama, lakini hilo sikulisema. Fedha ya matengenezo aliyonipa bado ninayo mfukoni.

Jumapili, 9 Machi
Nimempata Fundi Baridi. Ndivyo wanavyomwita pale kona, karibu na wauza matairi. Bei yake nusu ya yule mama! Alikuja mke akiwa sokoni. Hakutafuta kinachovuja wala hakupoteza muda na chujio. Alichomeka mpira, mtungi ukalia, akasema gesi ni kitu cha kuongezwa tu, kama chumvi.

Baridi! Nilisimama chini yake mpaka makamasi yakanitoka. Masikini yule mama na viatu vyake.

Chenji nimemnunulia mama mkwe kiti cha kulalia, kile cha kuvuta mpini miguu ikanyanyuka. Mwanyumba hana. Mke kauliza fedha imetoka wapi, nikasema mwanamume hujibana. Akanitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu mwaka juzi. Nikatazama pembeni.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe amefika. Nilimwamkia kwa mbali, kichwa chini, kama inavyompasa mkwe. Akaingia chumbani, tukamsikia akisema alhamdulillahi, hewa gani hii. Mke wangu anacheka jikoni kama msichana. Amepiga soga na mama yake mchana kutwa, mlango wazi, na ubaridi unanifikia mpaka sebuleni.

Mwanyumba alikuja kusalimia. Akainua kiganja kwenye hewa, akashusha. Nilimsindikiza hadi kwenye gari kwa furaha isiyo ya kiungwana.

Jumatano, 12 Machi
Joto. Gesi yote imekwenda. Nimempigia Fundi Baridi, kasema huenda mashine yangu inatumia sana, niandae fedha aongeze tena. Niliuliza kuhusu ile ya kwanza. Simu ikakatika, na sidhani ni mtandao.

Tatizo si hilo tu. Kiyoyozi kiko chumbani kwa mama mkwe, na mimi ni mkwe. Siwezi kukanyaga hata kizingiti. Mke angeweza kuingia akafungua chujio, lakini mke anaamini tumetengeneza. Kumwomba ni kukiri.

Mama mkwe naye hasemi. Mke kamuuliza kama hewa inatosha, kajibu inatosha sana, mwanangu, Mungu awabariki. Nami nimepita nje ya dirisha nikamwona kivuli chake kwenye pazia, anajipepea na kifuniko cha boksi kwa mkono ule mzima. Ananistahi. Afadhali angenitukana.

Nimepata wazo. Mashine ya nje iko ukutani, kando ya dirisha lake. Kwa nje si chumbani! Kesho akilala mchana nitapanda ngazi, niioshe kwa mpira wa maji. Uchafu ukitoka, labda itapoa. Kwa nini yule mama mwenye sare hakuniambia hili la bure?

Alhamisi, 13 Machi
Sijui niandike vipi.

Nilivaa bukta kwa sababu ya maji. Ngazi ilisimama vizuri. Nikafungua mpira. Presha ya maji leo, ambayo kila siku hatuipati, ilikuja yote kwa pamoja. Mpira ukaniponyoka, ukageuka, ukaingia dirishani. Pazia likalowa, likaanguka na fimbo yake.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, macho kwangu. Mimi dirishani, kifua wazi, bukta ile ya mistari. Maji yanamchuruzika usoni na kwenye bandeji. Hakupiga kelele. Alivuta shuka akajifunika uso, akageukia ukuta, akasema polepole:

“Baba, kama mashine ni mbovu, ungeniambia tu.”

Nilishuka. Jirani alikuwa uani kwake ameshika nguo ya kuanika, na hakuianika. Mke alirudi akakuta godoro limelowa na bandeji inabadilishwa zahanati. Nikamweleza yote, toka ada ya ukaguzi mpaka kiti. Sikuacha kitu, maana hakikubaki cha kuficha.

Kidonda hakikudhurika, wamesema. Namshukuru Mungu.

Ijumaa, 14 Machi
Mwanyumba amekuja kumchukua. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe alimwambia binti yake asinigombeze, kwamba nia yangu ilikuwa njema. Alisema hivyo akiwa amenipa kisogo, nami nimesimama nyuma ya friji.

Mke alibeba begi mpaka garini. Aliporudi alitandika kile kitanda upya, ingawa hakuna wa kukilalia. Nikasimama kizingitini. Sasa naruhusiwa.

“Miaka yote namsubiri mama alale kwangu,” akasema. “Umemfukuza ili upate chenji.”

Nilitaka kusema chenji ilikuwa ya kiti chake. Nimelia bafuni, bomba nimelifungua.

Jumamosi, 15 Machi
Mke amemwita yule mama mwenye sare, kwa fedha yake mwenyewe. Ada ya ukaguzi tumelipa tena, kwa sababu siku ile nilikataa. Akaziba kiungo, akaosha chujio, akajaza gesi. Nikijumlisha na ya Fundi Baridi, na godoro, na zahanati, karibu ningenunua kiyoyozi kipya na mtu wa kukiwasha.

Chujio, akasema, naweza kuosha mwenyewe kila mwezi, bure. Kazi yake ina dhamana. Kikiharibika anarudi bila malipo, mradi asikifungue mtu mwingine. Akabandika karatasi yake ya muhuri pale kwenye kifuniko na kunitazama mimi peke yangu.

Mama mkwe kakubali kurudi kesho! Mke kanishika mkono mezani. Nimeapa mbele yake, na mbele ya Mungu, sitagusa tena mashine ambayo sikusomea. Naandika hapa ili iwe ushahidi.

Jumapili, 16 Machi
Mke kaenda kumleta mama yake. Nyumba ni baridi na safi. Nimekaa chumbani mle peke yangu, nimeona haya na furaha kwa pamoja. Nitamwomba mama radhi kwa kinywa changu, nimeshapanga maneno.

Ila nikawaza. Fedha yote ile, na mimi sijaona kilichozibwa. Mtu unalipa bila kuona? Na mama mkwe akishaingia humu, sitaingia tena mpaka apone. Ni sasa au basi.

Ile karatasi imebanduka vizuri kabisa kwa mvuke wa birika, haikuchanika. Kifuniko nacho chepesi. Kiungo nimekiona, kizuri, kinang'aa. Nikakilegeza kwa spana, kidogo tu, nijue kimekazwa kiasi gani. Kikatoa pumzi ndefu. Nikakaza haraka! Nimerudisha kila kitu, karatasi nimeibandika kwa gundi ya watoto wa shule.

Kinapuliza. Si baridi sana, lakini kinapuliza.

Honi getini. Nasikia mke wangu anacheka. Nitawaambia leo umeme ni mdogo.