Birika la Kufukuzia Nyani

“Mama Isihaka, hivi mtu akiwa juu kwenye nyota, Kibla anakielekea wapi?”

Jirani yangu Mwamvita ndiye aliyeniuliza hivyo, asubuhi baada ya gari la sinema kupita hapa Mbwawa. Nikamjibu kwamba Mwenyezi Mungu yuko huko pia, atamwelekeza.

Gari lenyewe lilikuja kutufundisha kuchimba vyoo. Kipindi kile cha vijiji vipya tulifundishwa vyoo mpaka tukavijua kuliko jembe. Choo kilipokwisha ikafuata sinema ya mzungu aliyeanguka na chombo chake kwenye nyota. Hana bunduki, na madude yenye magamba yanamjia. Akatia maji kwenye chungu cha chuma, akaziba mdomo kwa gogo, akakoka moto. Puu! Gogo likaruka, dude likalala chali.

Jua halijapanda, benchi la kibanda changu cha chai limeshajaa wanaume. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Matano, tunayemwita Sayansi kwa kuwa aliwahi kufagia kiwanda Dar es Salaam.

“Ule si uongo, jamani. Mvuke huo ndio unaovuta garimoshi!”

“Basi panda birika la mama likupeleke Kigoma,” akadakia Ponsiano. Huyu ni mtu wa bara, jina lake hapa ni Padri, maana Jumapili hakosi misa na siku nyingine hakosi kejeli.

“Padri, wewe kila kitu unabisha. Hata mwezini walipofika ulibisha.”

“Wamefika mwezini, wewe kisimani tu hujafika wiki ya pili sasa. Mkeo ndiye anayechota.”

Benchi zima likacheka, isipokuwa Kondo. Huyo tunamwita Kesho, kwa kuwa kila unachomwomba atakifanya kesho. Alikuwa anakuna kidevu.

“Sayansi,” akasema, “silaha hiyo, kwa nyani je?”

Nikamtazama. Mahindi yake bondeni yalikuwa yamekomaa, na nyani walishapita mara mbili. Mkewe, Sikudhani, alimwambia hapa hapa, mbele yangu: “Wakiingia tena wewe ukiwa barazani, mimi narudi kwetu Mzenga.” Asubuhi hii sasa, Sikudhani alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na zamu ya kukaa dunguni kulinda shamba ilikuwa ya Kondo.

“Kesho, mwanangu,” nikamwambia, “dunguni yupo nani?”

“Naenda, mama. Namalizia chai.”

Kikombe kilikuwa kikavu hata nzi amekiacha.

“Mama, usimharakishe,” akasema Ponsiano. “Nyani wenyewe wanajua ni zamu yake. Wanakuja polepole, na familia.”

“Nyani ni kupe!” Sayansi akasimama. “Halimi, hapalilii, anavuna! Sasa ndugu zangu, tunamletea silaha ya kujitegemea. Mama Isihaka, lile birika lako lisilo na mkono liko wapi?”

“Liko uvunguni, limepumzika. Liacheni.”

“Kwa ajili ya kijiji, mama.”

Kwa ajili ya kijiji nikalitoa. Wakatia maji, wakakaza kifuniko kwa waya wa baiskeli, Kondo akasokomeza gunzi kwenye mdomo. Mtu ambaye hajawahi kumaliza hata ua wake, leo anapuliza moto kwa mapafu yote, macho mekundu.

“Mungu akupe nguvu hiyo na palizi,” nikamwambia.

“Huo mdomo umeuelekeza wapi?” akauliza Ponsiano.

“Kwa nyani.”

“Nyani wako bondeni. Umeuelekeza kwenye choo cha mwenyekiti wa kijiji.”

Birika likaanza kutetemeka. Ponsiano, aliyekuwa anacheka, akajikuta nyuma ya mtungi wangu, anafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasoma ninachokijua.

PUU!

Gunzi likapita kama ndege, likatoboa ukuti wa choo cha mwenyekiti. Wakapiga kelele, wakakumbatiana. Sayansi akabebwa juu. Kondo analia kwa furaha: “Imefanya kazi! Nyani kwisha! Sikudhani aje aone!”

Mara tukasikia miguu. Walinzi wa mashamba yote ya bondeni, waliposikia mlio, walishuka madunguni wakaja mbio na fimbo na madebe yao, wanauliza kuna nini. Kondo akawaeleza mwanzo mpaka mwisho, akawaonyesha birika, akawaonyesha tundu. Wakaomba lipigwe tena. Likapigwa tena.

Ndipo Ponsiano akaacha kucheka. Akawatazama mmoja mmoja.

“Ninyi nyote mko hapa,” akasema taratibu. “Bondeni amebaki nani?”

Upande wa bondeni kulisikika kikohozi cha nyani dume, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

“Silaha haina makosa,” akasema Ponsiano. “Imefukuza walinzi wote kwa mlio mmoja.”

Sikudhani akatokea na njia ya shambani, katoka kliniki akapitia bondeni, mtoto mgongoni, ameshika gunzi mkononi. Limetafunwa na nyani, bado limelowa mate, halina punje. Watu wakampisha.

“Mke wangu,” Kondo akaanza, “kesho tutali…”

Sikudhani akainama kwenye birika. Akalichomeka gunzi lile mdomoni, akalikandamiza kwa kiganja, likakaa sawasawa. Kisha akageuza birika taratibu kwa pindo la kanga, mpaka mdomo ukamtazama Kondo.

Akakaza kanga ya mtoto, akashika njia ya kwao Mzenga.